Mkono Ambao Rike Hakuuinua

Ngazi zilikuwa kumi na tisa. Rike alizihesabu bila kutaka, kama alivyokuwa akizihesabu alipokuwa na miaka kumi na sita, na alipokanyaga ile ya kumi na mbili ikalia kwiii, vilevile kama zamani. Akasimama hapohapo. Miaka minane mizima, na hakuna mtu aliyeipigilia msumari.

"Ulidhani watakutandikia zulia?" Mama yake, Roswitha, alikuwa nyuma yake, koti limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, mkoba kaubana kwapani. "Panda basi, mwanangu. Treni yako ni saa kumi na mbili kasoro robo, na mimi sina magoti ya kukimbia stesheni."

"Napanda, Mama."

Lakini hakusogea. Kwenye ngazi hii ya kumi na mbili ndipo alipobusiwa kwa mara ya kwanza maishani mwake. Yeye na mvulana wake walikuwa wanapachagua kusudi, kwa sababu mtu akija kutoka chini lazima aikanyage ile ya tatu, nayo ilikuwa inalia pia, kwa hiyo wanapata muda wa kuachana na kujifanya wanafunga kamba za viatu. Ile ya tatu leo haikulia. Ilikuwa imekarabatiwa, imara kabisa. Hii ya kumi na mbili tu ndiyo imeachwa.

Harufu ikampokea kabla ya watu. Jengo lilikuwa ghala la kukaushia shayiri la kiwanda cha zamani cha bia, hapa Bamberg, na moshi wa miaka mingi ulikuwa umeingia kwenye mbao za dari ukakataa kutoka. Juu ya moshi kulikuwa na mafuta ya kupakia panga, ngozi ya glovu, na jasho. Kule Kiel, mji wa kaskazini alikokuwa daktari wa mifugo, kulikuwa na siku Rike anafungua begi lenye glovu zake za zamani, anatia pua ndani, halafu anafunga zipu harakaharaka kama mwizi.

"Jamani, jamani! Mama daktari huyo!" Korbinian, mpeleka barua, mtu mkubwa kama kabati, alikuja na kipande cha keki ya plamu mkononi. "Umekuja kututibu au kutuchinja?"

"Mimi natibu ng'ombe tu, Korbi. Kwa hiyo wewe usiwe na wasiwasi, nitakuhudumia."

Watu wakacheka. Akakumbatiwa huku na kule, akapewa bia ya moshi ambayo hakuinywa. Walikuwa kama thelathini hivi, wengi wao amekua nao. Mwanzo walimfundisha kusimama, halafu wakafundishana naye kuanguka. Wote walikuwa wamekuja kwa sababu moja. Baba yake, Mwalimu Ottmar, leo alikuwa anaacha kufundisha. Ndiye aliyewakusanya miaka ishirini na tano iliyopita, yeye na karatasi zake za michoro ya kale, akawafundisha upanga mrefu wa mikono miwili kama walivyoucheza watu wa Ujerumani miaka mia sita nyuma. Sasa bega lake la kulia lilikuwa limekufa. Mkono haupandi kupita kifua. Ufunguo wa ukumbi ungepata mtu mwingine.

Na huyo mtu mwingine alikuwa pale dirishani.

Veit Zeitler alikuwa amekaa juu ya pipa, amewapa mgongo, anashona upya ngozi ya mpini wa upanga kwa uzi wenye nta. Rike aliijua ile shingo. Aliijua na ile mikono, mikono ya fundi mapipa, mipana, yenye makovu madogomadogo ya pete za chuma. Moyo wake ukafanya kitu cha kijinga, ukaruka kisha ukasahau kushuka.

Akamwendea. Hakuna aliyemsukuma, lakini alihisi macho ya ukumbi mzima yakimsindikiza.

"Veit."

Uzi ukasimama. Akageuka polepole. Macho yale ya kijivu yakamtazama usoni, yakapanda, yakashuka, yakarudi.

"Umekata nywele," akasema.

"Miaka sita sasa."

"Sikuambiwa."

Nje kengele ya kanisa ikapiga saa kumi na nusu. Rike akasema lile lililokuwa karibu.

"Ile ngazi ya kumi na mbili bado inalia."

"Najua."

"Kwa nini hamuipigilii?"

Veit akauma uzi kwa meno, akaukata. "Mimi ndiye fundi wa humu. Nimezipigilia zote, ila hiyo."

Rike akahisi masikio yanawaka moto. Akageuza uso, na hapo macho yake yakaangukia ukutani, juu ya meza ya baba yake, pale ambapo hakutaka yaangukie. Taji la ushindi la majani ya mwaloni lilikuwa linaning'inia kwenye msumari wake, limekauka, kahawia, na kibao chini yake kimeandikwa jina: Friederike Hollfelder. Yeye huyo.

Laiti angeweza kulichoma kwa macho.

Kwenye ukumbi wa Ottmar kulikuwa na sheria moja iliyotangulia zote. Mtoto akija siku ya kwanza ana hamu ya upanga, Baba hampi upanga. Anamsimamisha katikati, anamgusa begani kwa kijiti, anamwambia, "Inua mkono. Sema: kweli." Anamgusa tena, tena, saa nzima. Waamuzi wanne na bendera zao hawawezi kuona kila kitu, panga zinakwenda upesi mno. Aliyeguswa ndiye anayejua. Aliyeguswa ndiye anayeinua mkono, mwenyewe, hata kama dunia nzima haikuona.

Fainali ile ya vuli, miaka minane iliyopita, ilikuwa kati yake na Veit. Mchana walikuwa mahasimu, jioni mikono inashikana, na mji mzima unajua isipokuwa Mama, ambaye alikuwa anajua lakini anakataa kujua. "Binti yangu anasomea udaktari," alikuwa anasema mezani, akikata mkate kama umemkosea. "Hawezi kuolewa na mtu anayegonga mapipa kutwa." Siku hiyo Mama alikuja kutazama kwa mara ya kwanza, safu ya tatu, mkoba mapajani. Baba alikuwa mwamuzi mkuu.

Tisa kwa tisa. Pigo moja limebaki.

Veit akasimama mkao wake anaoupenda, ule ambao wazee waliuita Mjinga: ncha ya upanga inaelekea sakafuni, kichwa na kifua viko wazi, mtu anaonekana kama hajui aendako. Rike akaingia mzimamzima. Veit akakwepa hatua moja tu, na ukingo wa upanga wake ukamshukia Rike kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, hapo glovu inapokutana na mkono wa koti. Haukuuma. Ulikuwa mguso mdogo, kama mtu anayekubishia dirishani.

Bendera hazikupanda. Waamuzi hawakuona.

Veit akashusha upanga, akasubiri.

Na Rike akamwona Mama safu ya tatu, amesimama, viganja viwili kifuani. Akaliona taji mezani. Akataka. Mungu wangu, alivyotaka. Mkono wake ukawa mzito kama gunia la shayiri. Na badala ya kuuinua, akachoma mbele, kwenye kifua cha mtu aliyekuwa amesimama akimsubiri.

Bendera nne zikapanda pamoja.

Kupitia wavu wa barakoa Veit alimtazama kwa muda ambao Rike hajawahi kuusahau. Kisha akainua mkono wake juu, wima. "Kweli," akasema.

Kesho yake Veit alikuja kwenye geti la bustani yao. Hakuingia. Aliuliza mara moja tu: "Rike, una kitu cha kuniambia?" Na yeye, mjinga asiye na mkao, akajibu, "Sina." Wiki hiyohiyo akapanda treni ya Kiel. Mama akauambia mji mzima kwamba Zeitler ni kijana asiyejua kushindwa, amemnunia binti wa watu mpaka amemkimbiza. Veit hakubisha. Hakusema lolote kwa mtu yeyote.

"Rike." Sauti ya Veit ikamrudisha. Alikuwa ameshuka kwenye pipa, ameuweka upanga chini. "Kuna jambo nimemwomba baba yako. Ni vizuri ulisikie kwangu kwanza."

"Jambo gani?"

"Pigo la kuagana."

Kila anayeondoka kwenye ukumbi huu hupigana pigo moja na yule aliyegonganisha naye upanga mara ya kwanza kabisa. Wakimaliza, wanashikana mikono, na hapo wameagana, hakuna deni wala kinyongo. Mtu wa kwanza wa Rike alikuwa Veit. Na Rike aliondoka bila kuaga.

"Sasa hivi?" akauliza. "Baada ya miaka yote hii?"

"Leo napewa ufunguo." Veit alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, kama anaongea na uzi wake. "Kila siku nitakuwa humu. Na kila siku watu watapanda zile ngazi. Unajua kinachonipata? Ile ya kumi na mbili ikilia, nageuka. Nipo katikati ya somo, nageuka nione ni nani. Wanafunzi wananicheka. Miaka minane nageuka, Rike. Shingo imechoka."

"Veit..."

"Sikulaumu. Tuagane sawasawa, tushikane mikono, wewe uwahi treni. Na mimi Jumatatu nije na nyundo na msumari."

Rike alitaka kusema usije na nyundo. Lakini angesema kwa haki gani? Veit alisubiri kidogo, vilevile kama siku ile kwenye geti, halafu akaitikia kwa kichwa na kwenda kuvaa koti lake.

*

Baba hakuwa mtu wa hotuba. Alisimama katikati, mkono wa kulia umening'inia, akasema, "Nimewafundisha nilichokisoma na vingine nilivyovibuni nikidhani nimevisoma." Watu wakacheka. "Kama kuna mliyempiga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, nendeni mkamnunulie bia. Ufunguo ni wa Veit. Lakini kabla sijautoa, kuna wawili hapa hawajaagana."

"Ottmar!" Mama akatikisa saa yake. "Treni!"

"Pigo moja, Roswitha. Kuchemsha yai kunachukua muda zaidi."

Wakampa Rike koti la kuazima, barakoa, upanga wa mazoezi wenye ncha iliyokunjwa. Glovu zilikuwa zake mwenyewe. Alikuwa amezibeba kutoka Kiel chini ya sweta, na hakuwa amemwambia mtu. Alipozivaa, vidole vikaingia kwenye mashimo yao ya zamani, kila kimoja nyumbani kwake.

Wakasimama. Wakasalimiana kwa panga.

Veit akashusha ncha yake sakafuni. Mjinga. Kichwa wazi, kifua wazi.

*Amefanya makusudi,* Rike akawaza, kisha akaona kwamba hapana. Ndivyo alivyo tu. Ndivyo alivyokuwa siku zote, amesimama wazi, anasubiri.

Rike akapandisha upanga wake juu ya bega. Angepiga, au angepigwa. Halafu mikono ishikane. Halafu treni, na Kiel, na begi la glovu, na Jumatatu msumari. Rahisi kabisa. Hakuna ambaye angejua, kama ambavyo hakuna aliyejua miaka minane.

Akaushusha upanga. Akautoa mkono wa kushoto kwenye mpini.

Na akauinua juu, wima, mpaka kiwiko kikanyooka.

"Kweli," akasema.

Minong'ono ikapita. Korbinian akaropoka, "Kweli nini? Hajapiga bado!"

"Amepiga." Rike hakuushusha mkono. Akaweka upanga chini, akavua barakoa kwa mkono mwingine ili wamwone. "Alipiga siku ile ya fainali. Hapa, kwenye kifundo. Alinigusa kabla sijamgusa. Nilijua palepale, na sikuinua mkono. Lile taji pale si langu. Ni la Veit. Na yaliyosemwa mjini kwamba hajui kushindwa..." Machozi yakamwahi. "Yeye hakushindwa. Mimi ndiye nisiyejua kushindwa."

Veit alikuwa amesimama na upanga wake umeinama, uso hauonekani nyuma ya wavu.

Ndipo Baba akasogea. Polepole, hatua tatu, akasimama kati yao.

"Siku ile nilikuwa nimesimama hapa," akasema. "Umbali huuhuu. Mimi ndiye mwamuzi mkuu." Akavuta pumzi. "Niliona."

"Baba?"

"Niliona, mwanangu. Nikajiambia, ngoja ainue mwenyewe. Ukachelewa. Nikasema, ngoja kidogo. Halafu bendera zikapanda, na nikafurahi. Jina letu ukutani. Nikafurahi, ndiyo ukweli wenyewe. Halafu kila siku nikaja hapa nikawafundisha watoto wa watu kuinua mikono."

Akajaribu kuuinua mkono wake wa kulia. Ukafika kifuani, ukakwama. Akaushika kiwikoni kwa mkono wa kushoto, akausukuma, meno yameumana, mpaka ukapita kidevu, ukapita paji la uso, ukatetemeka hapo juu.

"Kweli," akasema mzee.

Rike alimkumbatia kiunoni, na mkono ule mgonjwa ukamshukia kichwani.

"Nyie watu ni wagonjwa!" Mama alikuwa amesimama, mashavu mekundu. "Kaguso kadogo ka mkononi! Kwa ajili ya hako ndiyo nyumba yangu ilijaa kimya miaka minane? Nilidhani kuna aliyeua!" Akamgeukia Veit, akamnyooshea mkoba. "Na wewe! Ulikuwa unajua. Nilikusema duka la dawa, nilikusema kanisani, nilikusema mpaka kwa mamako mzazi. Kwa nini hukufungua mdomo?"

Veit akavua barakoa. Nywele zilikuwa zimemganda kwenye paji, na macho yake yalikuwa yamelowa, bila aibu.

"Halikuwa langu kusema, Mama Rike."

Mama akamtazama yule mgonga mapipa kwa muda mrefu, juu mpaka chini, kama mtu anayesoma upya dawa aliyomwandikia mgonjwa vibaya. Kisha akaanza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, kuanzia shingoni. Akalivua. Akalitundika kwenye msumari wa panga.

"Kuna kahawa humu," akauliza, "au mnakunywa moshi tu?"

Korbinian alikwenda mbio, mara ya kwanza watu kumwona akikimbia.

Rike na Veit wakabaki katikati, hatua nne baina yao. Hatua nne ambazo amezivuka mara elfu na leo hakujua azivuke vipi.

"Una kitu kingine cha kuniambia?" Veit akauliza, taratibu.

"Ninacho." Akafuta pua kwa glovu, kama mtoto. "Sitaki kuagana."

"Treni je?"

"Kuna nyingine. Na ng'ombe wapo huku pia. Nimewaona mashambani nikija na treni." Akacheka huku analia. "Chukua taji lako, Veit."

Akalitazama pale ukutani. "Lile? Limeshakuwa majani ya chai. Sikulitaka hata siku ile. Mimi nilikuwa naungoja mkono tu." Akavaa barakoa. "Tuanze upya. Sifuri kwa sifuri. Njoo."

Na akasimama Mjinga.

Rike akavaa yake, akaokota upanga, akaenda. Hakuingia mzimamzima kama zamani. Alisogea kwa pembe, akadanganya kulia, akabadili, na ncha yake ikatua katikati ya kifua cha Veit, taratibu, mahali palepale alipoiba siku ile. Chuma kikapinda kidogo, kikanyooka. Safari hii lilikuwa pigo safi. Kila mtu aliliona.

Veit hakuinua mkono.

Akajitazama kifuani. Akatazama dari. "Sijui," akasema. "Mimi sikusikia kitu. Labda upepo."

"Veit Zeitler!"

"Waamuzi, mmeona?"

"Hatujaona!" ukumbi mzima ukaitikia, Mama akiwa na sauti kubwa kuliko wote.

"Inua mkono, we mwizi!" Rike alikuwa anacheka mpaka upanga unamtikisika.

Basi Veit akaanza kuuinua, polepole, kama mtu anayependa kila kipande cha safari. Ukapita kifua, ukafika begani. Hapo ukaacha kupanda. Ukageuka, ukamnyookea yeye, kiganja juu.

"Kweli," akasema.

Rike akavua glovu, akaweka mkono wake juu ya kile kiganja, na hakuiangalia saa.